Wa Kulinganishwa na Diamond si Mozart

SWALI: Assalamu alaykum Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kisauni, natengeneza biti kwenye kompyuta na kurekodi wasanii wa mtaani. Mjomba wangu, mpenzi wa taarabu na muziki wa orkestra za Ulaya, husema wanamuziki wote wa siku hizi ukiwakusanya hawamfikii Beethoven hata kwenye ukucha. Binamu yangu naye ashikilia kwamba Michael Jackson na Diamond Platnumz ndio Mozart wa zama zetu, kwa vile wanapendwa na umati. Kila Ijumaa tukishamaliza kula ni ubishi mtindo mmoja. Je, watu hawa wanalinganishika kweli? Na mimi nisiyesoma nota, nina la kujifunza kwa hao wa kale?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Wanalinganishika, na ubishi wenyewe wala si mbaya. Tatizo ni kwamba mjomba wako na binamu yako, kila mmoja kwa njia yake, wamekosea kupanga nani asimame mbele ya nani.

Nianze na binamu. Kazi ya Mozart ilikuwa utunzi. Akiandika opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, aliandika sehemu ya kila chombo: fidla ya kwanza ipige nini, ya pili iingie wapi, besi ikae wapi, mwimbaji avute pumzi wapi. Jukwaani waliimba wengine. Mwaka 1791, mwaka ule ule aliofariki akiwa na miaka 35, alitunga opera iitwayo Die Zauberflöte kwa ajili ya jumba la maonyesho lililokuwa nje ya kuta za Vienna, ambako watu wa kawaida walikwenda kucheka na kushangaa vioja vya jukwaani. Aliyeliendesha jumba lile aliitwa Emanuel Schikaneder. Maneno ya opera aliandika yeye, mambo ya fedha yalikuwa juu yake, na nafasi ya mtega ndege Papageno, ile inayowachekesha watu na kuwatia nyimbo vinywani, alijipa mwenyewe.

Hebu mtazame vizuri mtu huyo. Ana jumba lake, ana kundi lake, ajua umati unataka nini kabla umati wenyewe haujajua, na akipanda jukwaani macho yote kwake. Diamond ana lebo ya Wasafi, ana redio na televisheni, na ukumbi akiingia yeye unatikisika. Basi ukitaka wa kumlinganisha naye katika Vienna ya 1791, ni Schikaneder. Wala simtukani. Bila Schikaneder ile opera isingekuwepo.

Michael Jackson vilevile. Albamu ya Thriller ilitoka 1982. Prodyuza wake alikuwa Quincy Jones, na wimbo uliobeba jina la albamu ulitungwa na Mwingereza, Rod Temperton. Michael mwenyewe alitunga nyimbo nyingine humo, "Billie Jean" ikiwemo, kwa hiyo utunzi anao. Lakini binamu yako anaposema "Michael" anataja kazi ya kundi la watu kwa jina la mmoja, kisha analipimisha kundi hilo na mtu aliyekaa peke yake na kalamu.

Sisi watu wa Mombasa tungepaswa kuwa wa mwisho kuchanganyikiwa hapa. Katika taarabu tumezoea mgawo wa kazi. Juma Bhalo aliimba maneno ya Ahmad Nassir, na msikilizaji wa Kibokoni alijua kumpa kila mtu chake: huyu kwa shairi, huyu kwa sauti, yule mpiga tabla kwa mkono wake. Ukitumia jicho hilohilo kwa muziki wa leo utaona jambo ambalo huenda likakushtua: aliye karibu zaidi na kazi ya Mozart katika studio yako ni wewe mwenye kompyuta. Wewe ndiye unayeamua besi iingie lini, kinanda kinyamaze wapi, sauti ya pili ipande au ishuke. Kama waifanya kazi hiyo vizuri au vibaya ni habari nyingine, lakini kazi ndiyo hiyo.

Sasa mjomba. Yeye anachukua kilichobaki juu ya chekeche baada ya miaka mia mbili, anakipima na gunia zima la leo, pumba na mawe yakiwemo. Vienna ya wakati wa Mozart ilijaa watunzi. Kazi zao zilipigwa kwenye majumba, wakashangiliwa, wakalipwa, na wengi wao leo hata mwalimu wa muziki hawakumbuki majina. Mjomba hawasikii hao. Anachosikia ni Mozart, kisha anapanda matatu ya kwenda Bamburi, anapigiwa wimbo uliotoka wiki iliyopita, anatikisa kichwa.

Na chekeche hilo nalo si hakimu wa kuaminiwa sana. Miaka ya 1722 na 1723 mji wa Leipzig ulipotafuta msimamizi wa muziki wa makanisa yake, walimtaka kwanza Telemann, ambaye wakati huo jina lake lilivuma kuliko la Bach. Akakataa. Wakamgeukia Graupner, mwajiri wake hakumruhusu kuondoka. Ndipo wakamchukua Johann Sebastian Bach, chaguo la tatu. Vivaldi alipofariki 1741 alisahaulika hivi kwamba shehena kubwa ya maandishi yake ilikuja kugunduliwa na kufikishwa Turin katika miaka ya 1920. Leo hakuna hoteli ya Nyali isiyopiga Vivaldi wageni wakila kiamsha kinywa.

Yetu ni hayo hayo. Beethoven alizaliwa 1770, na mshairi Muyaka bin Haji wa Mvita alizaliwa karibu na 1776. Walikuwa watu wa zama moja. Beethoven alikuwa na wachapishaji waliogombania karatasi zake angali hai. Beti za Muyaka zilikaa vifuani mwa watu wa Mombasa, mpaka Mwalimu Sikujua alipomsaidia mmishonari W. E. Taylor kuzikusanya, na kitabu kikatoka 1940, karne nzima baada ya Muyaka kufa. Sasa waliokuwa wakipiga ngoma na kuimba katika mji huu wakati wa Muyaka, nani aliandika muziki wao? Mjomba akisema "zama zile Ulaya kulikuwa na mabingwa", muulize Mombasa zama zile kulikuwa na nani, muone kama atajibu. Walikuwepo. Hawakuwa na wa kuwaandikia nota.

Najua pia lawama tatu ambazo mjomba atakuwa anazitoa, maana wajomba wote wanazo: muziki wa leo ni wa kuchezea tu, unarudiarudia, na unaibaiba. Mozart alipofika Prague mwanzoni mwa 1787 alikuta watu wakizicheza dansini nyimbo za opera yake ya Figaro, akamwandikia rafiki yake kwa furaha kubwa kwamba mjini hakuimbwi wala hakupigwi mluzi kingine. Mwishoni mwa mwaka huo, katika Don Giovanni, akaweka mahali ambapo bendi inapiga muziki wa karamu, na mojawapo ya nyimbo zinazopigwa ni hiyo yake ya Figaro iliyokuwa ikivuma. Msanii kujitaja ndani ya wimbo wake hakukuanza Dar es Salaam.

Kurudia? Canon, kazi ya mtunzi Pachelbel, ina besi ya noti nane inayozunguka mara 28 bila kubadilika. Bolero, kazi ya mtunzi Ravel ya 1928, ina pigo moja la ngoma linalorudiwa mara 169. Wewe na "lupu" yako ya mizani minane una ukoo wa kujivunia. Na kuiba: Bach alichukua kazi ya Vivaldi ya fidla nne akaigeuza ya vinanda vinne, na Händel alikuwa hodari wa kuchota tuni za wenzake na za kwake mwenyewe. Mjomba ambaye amekesha kwenye harusi akiitikia tuni za filamu za Kihindi alizozitia Juma Bhalo maneno ya Kiswahili hana uso wa kulalamika juu ya sampuli, yaani kipande cha muziki wa mwingine kinachotiwa katika wimbo mpya.

Halafu kuna huu mzaha. Kila usiku wa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, vibanda vya kutazamia mpira kuanzia Likoni hadi Mtwapa vinasimamisha nywele kwa ule wimbo wa mashindano. Wimbo ule Tony Britten aliutengeneza 1992 kutokana na Zadok the Priest, kazi ambayo Händel aliitunga kwa kutawazwa kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1727. Binamu yako asemaye hasikilizi hao wazee, anawasikiliza.

Hata hivyo mjomba wako ana hoja moja ambayo sitaki umpokonye, na hapa nataka ukae nayo. Tafuta simfoni, yaani kazi ndefu ya orkestra, ile ya tano ya Beethoven, sehemu ya kwanza peke yake, haifiki dakika tisa. Utasikia noti nne: tatu fupi za sauti moja, ya nne ndefu iko chini yake. Ta-ta-ta-taaa. Kisha tena, hatua moja chini. Basi, mtaji wake karibu wote ndio huo. Wewe ungepewa sampuli hiyo ungefanya nini? Ungeizungusha, ungeitilia ngoma, na ndani ya dakika tatu ungekuwa umemaliza, na pengine ingekuwa tamu.

Yeye anaanza kuigawa. Fidla za pili zinaisema, zinampa mwenzake, mwenzake anampa wa tatu, na ukisikiliza kwa haraka unadhani ni wimbo mmoja mrefu kumbe ni vipande vile vile vinavyopokezana. Baadaye pembe za shaba zinaita peke yake, kama mpiga mbiu, zikianza na mdundo ule ule lakini umepanuliwa, ukanyoshwa. Baada ya mwito huo kinakuja kiimbo laini, cha upole, na unadhani zile noti nne zimeondoka. Teremka chini kwenye besi: ziko pale, zinagonga taratibu chini ya ule upole. Katikati anauchukua ule mwito wa pembe anaukata. Anabakiza noti mbili. Anakata tena, anabakiza moja, na hiyo moja vyombo vya kupuliza na vya nyuzi vinajibizana, huku sauti ikizidi kufifia mpaka unajikuta umeinama kusikiliza. Kisha ghafla orkestra nzima inakurukia na zile nne za mwanzo.

Na hajamaliza. Katika sehemu ya tatu mdundo ule unarudi kwa pembe, safari hii wote kwa sauti moja isiyoshuka. Mwisho wa sehemu hiyo ngoma zinaugonga kwa unyong'onyevu, muda mrefu, nyuzi zikiwa zimeshikilia sauti tu, halafu bila kusimama muziki unafumuka katika sehemu ya nne, kwa ufunguo wa furaha, na hapo ndipo tromboni zinapoingia kwa mara ya kwanza. Alikuwa amezikalisha zaidi ya dakika ishirini akiziwekea hapo. Msanii gani wa leo atakuwa na subira ya kukilipa chombo kikae kimya dakika ishirini?

Huo ufundi wa kukuza kitu kidogo kikawa jengo, muziki wa redio hauna, na kwa kweli hauuhitaji, maana wimbo wa dakika tatu ni nyumba ya aina nyingine. Lakini anayesema Beethoven ni jina tu la kuogopeshea watu hajawahi kufuatilia zile noti nne kutoka mlango mpaka paa.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito. Beethoven hakuwahi kuchagua ngoma ya besi ilie vipi. Wewe unaweza kukesha juu ya pigo moja: liwe kavu, liwe na mwangwi, liingie nywele moja nyuma ya mkono ili mtu atikise bega bila kujua kwa nini. Huo ni utunzi, na nota za Ulaya hazina pa kuuandikia. Mwandikie mpiga fidla wa Vienna chakacha, kila noti mahali pake, atakupigia kitu kilichonyooka kama rula. Mpe mama wa Majengo aliyekulia kwenye harusi apige chapuo, utaona watu wanasimama. Tofauti iko katika vipande vidogo vya muda ambavyo karatasi haivioni. Na ziko sauti ambazo piano yake haina kabisa: udi hauna vizuizi kwenye shingo yake, kwa hiyo mpiga udi Zein l'Abdin aliweza kuweka kidole baina ya noti mbili za piano, kwenye zile maqamu, mipangilio ya sauti ya Kiarabu, akakutoa machozi kwa sauti ambayo kwenye kinanda cha Mozart ingekuwa imeangukia ufa.

Pia kurekodi kwenyewe kumeubadilisha mchezo. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na mpaka leo twaisikia kokwa ya sauti yake. Aliyeimba nafasi ya Malkia wa Usiku kwa mara ya kwanza katika ile opera ya 1791 alikuwa Josepha Hofer, shemeji yake Mozart. Aliandikiwa noti za juu ambazo waimbaji mpaka leo wanaziogopa, na alivyolia hakuna ajuaye. Kwa hiyo kwa Wazungu wa kale kazi ya kudumu ilikuwa karatasi. Kwa wa leo kazi ni sauti yenyewe. Kusema Franco Luambo, mpiga gitaa wa Kongo, hakuandika simfoni ni kumkosea. Magitaa yake ya sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea, yanavyofumana, kila moja likipiga kidogo tu na yote kwa pamoja yakawa mto, ni ujenzi unaohesabiwa, na nyimbo zake zilivuka dakika kumi bila mtu kutazama saa.

La fedha nalipita haraka, maana mjomba atalileta: kwamba wa kale walitunga kwa ajili ya sanaa na wa leo kwa ajili ya pesa. Haydn alikuwa mwajiriwa wa familia ya Esterházy, alivaa sare ya watumishi, na mkataba wake wa 1761 ulimkataza kuwatungia wengine bila idhini. Beethoven mwaka 1809 aliahidiwa na wakuu watatu floreni 4,000, fedha ya huko, kwa mwaka ili asihame Vienna. Leo ni kampuni za simu na wanasiasa wa kampeni. Wenye kulipa wamebadilika nguo.

Ukinibana niseme wazi, nasema hivi. Katika wimbo mfupi wa sauti na vyombo, Schubert, aliyekufa na miaka 31 akiwa ameacha zaidi ya nyimbo 600, namweka rafu moja na Stevie Wonder, na sitamwomba mtu msamaha. Katika jengo refu la sauti, sijamsikia wa muziki wa redio anayemfikia Beethoven. Katika mdundo, Ulaya nzima ya karne ya 18 ikae ijifunze Afrika. Mwaka 2018 tuzo ya Pulitzer ya muziki ilipewa Kendrick Lamar, mwimbaji wa rapu, kwa albamu yake DAMN., na waliokasirika walikuwa wakimpima kwa rula ya simfoni. Na nyingi ya bongo fleva ya mwaka huu itasahaulika, kama ilivyosahaulika nyingi ya Vienna ya 1790. Chache zitabaki, na huenda si zile zinazopigwa sana sasa.

Swali lako la pili. Kutosoma nota si ulemavu. Paul McCartney wa bendi ya Beatles hasomi nota, na nyuzi unazozisikia katika "Yesterday" ya 1965 ziliandikwa kwa msaada wa George Martin, prodyuza aliyesoma muziki darasani. Wazo la wimbo lilitoka kwa mmoja, maarifa ya kupanga vyombo vinne vya nyuzi yakatoka kwa mwingine. Wewe ukitaka kuwa wote wawili, jifunze. Nota za kusomeka polepole hazichukui muda mrefu kwa mtu mwenye sikio, na kuna walimu wa piano hapa mjini.

Lakini usingoje nota. Chukua biti yako moja iliyokwisha, chagua ndani yake kipande kifupi kuliko vyote, noti tatu au nne. Jizuie kuingiza sauti mpya yoyote. Kihamishie kwenye besi. Kipunguze noti moja, usikie kama bado kinatambulika. Kipanue kiwe cha polepole mara mbili. Kifiche chini ya kiitikio. Kisha kinyamazishe kabisa mpaka msikilizaji akitamani, ndipo ukirudishe. Fanya hivyo ukiwa umetoka kusikiliza ile simfoni, si kabla.

Na ukitaka kuchukua sampuli kwa hao wazee, angalia hapa usije ukajiletea kesi. Utunzi wa Beethoven au wa Bach ni wa watu wote. Hapa Kenya haki ya mtunzi huisha miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, na hao wamekwisha kufa zamani. Rekodi ni jambo jingine. Orkestra iliyorekodi juzi ina haki yake juu ya sauti ile, hata kama mtunzi alizikwa 1827, na nchi nyingine zinailinda kwa muda mrefu kuliko Kenya. Kwa hiyo usikate kutoka kwenye albamu ya mtu. Zipige zile noti mwenyewe kwenye kinanda chako, au muombe mpiga fidla wa bendi ya harusi akurekodie, umlipe, muandikiane kikaratasi.